Barua Safi Kuliko Zote Kibokoni

Kamaludin bin Taib alikuwa akishikilia kwamba Kiingereza ni lugha ya ndoa. Kila kitenzi, alisema, ni mume, na kila kineno kidogo kinachomfuata nyuma ni mke, na balaa lote la Kiingereza ni kujua nani kamwoa nani. 'Wait' mkewe ni 'for'. Ukimkuta na 'on', basi ujue yuko kazini, ni mtumishi anayewahudumia watu mezani. 'Prefer' kamwoa 'to', wala haonekani na 'than', ingawa 'than' ni bibi anayetakwa na kila neno la kulinganisha. 'Look' ana wake wanane au tisa, kila mmoja na nyumba yake: huyu wa kutafuta, huyu wa kutunza, huyu wa kuchunguza, huyu wa kudharau. Na 'get', alisema Kamaludin akishusha sauti kama anayetaja fedheha ya jirani, 'get' hana dini. Wake zake hawahesabiki, na mwengine humwoa asubuhi akamwacha jioni.

Ndoa zote hizi alizisajili katika daftari jeusi alilolitia mfukoni mwa koti kila siku ya kazi. Alikuwa karani kwa wakala mmoja wa kutoa mizigo bandarini Kilindini, na kwa kuwa kutwa alikuwa kati ya Waingereza, wa ofisini na wa melini, alikuwa akiwavizia kama paka anayevizia dagaa. Mzungu akifungua mdomo, Kamaludin yu nyuma ya mlango na penseli. Bwana huyu kasema 'arrive at', juzi mwenziwe kasema 'arrive in', kwa nini? Arudipo nyumbani Kibokoni hula upesi, akafungua daftari, akaweka 'at' upande wa vituo vidogo na 'in' upande wa miji mikubwa, kisha akamuuliza mkewe, Saadia, kama Mombasa ni mji mkubwa au ni kituo. Saadia, ambaye Kiingereza hakukijua wala hakukitamani, humjibu kwamba chai inapoa.

Mtaani walidhani ni elimu. Yeye mwenyewe, alipokuwa mtu mzima sana na kuacha kujionea haya, alisema ilikuwa ni hofu iliyovaa kanzu. Na asili ya hofu hiyo ni winchi. Mwaka wa thelathini na nane mabwana watatu walimuuliza, mbele ya makuli, ni winchi ipi ifaayo kuteremshia mashine fulani, naye akajibu kwa sauti ya kujiamini kwamba ile ya kushoto ni 'more better'. Sasa, 'better' peke yake yatosha. Kumwongezea 'more' ni sawa na kuvaa kofia juu ya kofia. Mabwana walicheka. Hawakucheka kwa ubaya sana, lakini walicheka hata mmoja wao akalazimika kukaa juu ya kreti. Mwaka mzima ofisini jina lake likawa Mobeta, na jina lile, Mungu ndiye ajuaye lilipandia gari gani, likafika Kibokoni kabla yake, akawakuta watoto wa chuoni wakilikariri pamoja na alifu na be.

Tangu siku hiyo aliapa kwamba hatatoa sentensi ya Kiingereza, kwa mdomo wala kwa mkono, ila awe ameipekua kama afisa wa forodha apekuavyo sanduku la baharia. Kwa hivyo akawa mwandishi wa barua msafi kuliko wote katika Mji wa Kale, na mzito kuliko wote. Mwenye shida ya haraka alikwenda kwa Zein wa Bondeni, ambaye barua zake zilijaa makosa lakini ziliandikwa na kufungwa kabla hujamaliza kikombe cha kahawa. Mwenye kujiheshimu alikuja kwa Kamaludin.

Mejumaa alikuwa mwenye kujiheshimu. Alikuwa mjane, nyumba yake ya tatu kutoka kwa Kamaludin, na miaka kumi na tisa alikuwa akiishi kwa tanuri. Lilikuwa tanuri la udongo, limeegemea ukuta wa nyumba yake upande wa kichochoro, na kila siku baada ya sala ya alfajiri alikuwa akichoma humo mikate ya mofa ya unga wa mtama. Vita vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia lakini unga wa ngano bado ulikuwa wa kubahatisha, hivyo nusu ya mtaa ilifungua kinywa kwa mofa ya Mejumaa. Yeye na bintiye, Mahfudha, walikula kwa tanuri lile, wakavaa kwa tanuri lile, na hawakuwa na kitu kingine duniani.

Jumatatu moja ya mwezi wa Septemba, tarishi wa ofisi ya afya aitwaye Fondo alimletea karatasi. Mejumaa akaja nayo moja kwa moja mpaka barazani kwa Kamaludin, ameishika kwa ncha za vidole kama kitu kichafu. Kamaludin alivaa miwani akaisoma. Ilisema kwamba tanuri linatoa joto na moshi katika njia ya watu, kwa hiyo livunjwe. Na mwenye kupinga aandike barua, ifike ofisini kabla ya saa sita mchana, Jumamosi ya wiki ya pili. Isipofika, vibarua watakuja Jumatatu itakayofuata.

"Yasemaje, mwalimu?"

"Yasema upuuzi, bi Mejumaa. Niachie mimi. Hii ni ya kuandikiwa barua moja tu, na hao hao watakuja kulipigia tanuri lako saluti."

"Sina ndia nyingine, mwalimu. Tanuri lile ndilo baba wa mwanangu sasa."

"Nimekwambia niachie."

Akamwachia, akenda zake moyo mweupe.

Na kwa haki ni lazima isemwe: Kamaludin aliiandika barua siku ile ile, baada ya alasiri. Ilikuwa nusu ya ukurasa. Ilisema kwamba mwanamke huyu ni mjane, kwamba tanuri lina miaka kumi na tisa na halijamuunguza hata kuku, kwamba yu tayari kuliwekea bomba la kupeleka moshi juu, na kwamba anamwomba bwana atazame kwa huruma. Kamaludin aliisoma, ikampendeza. Lililobaki lilikuwa ni kuitia ndani ya bahasha. Badala yake aliisoma mara ya pili.

Mashaka yalianzia kwenye 'object', ambalo maana yake ni kupinga. Mkewe ni 'to', hilo lilikuwa katika daftari na lilikuwa na mashahidi wawili. Lakini baada ya 'to', huko kuvunja kunaandikwaje? 'To demolish', au 'to demolishing'? Sikio la kulia likasema hivi, la kushoto likasema vile. Kamaludin akaona heri amsikie Mwingereza mwenyewe akipinga jambo, kisha amfuatilize.

Ikawa wiki nzima ya kumngojea Mwingereza apinge. Alihamisha meza yake karibu na mlango wa mkuu wake. Alipata visingizio vya kupanda melini na karatasi ambazo kwa kawaida zilipelekwa na tarishi. Na Waingereza, ambao kwa miaka kumi na mitano aliwaona wakipinga mvua, jua, mchele, joto na serikali yao wenyewe, wiki ile walikubali kila kitu. Meli ilichelewa siku mbili, wakasema ndiyo dunia. Kreti la vyombo vya kaure liliporomoka, wakatikisa vichwa wakaenda kula. Siku ya Alhamisi Kamaludin akaona mambo hayendi bila ya kusukumwa. Alimwendea mtengeneza chai akamwambia atie vijiko sita vya sukari katika kikombe cha mkuu.

Mkuu akanywa. Akakitazama kikombe. Kamaludin yu mlangoni, penseli mkononi, roho juu.

Mkuu akasema kwamba leo, kwa mara ya kwanza tangu aje Mombasa, chai imepikwa na mtu anayejua chai, na kuanzia sasa awe akiletewa hivyo hivyo.

Miaka mingi baadaye Kamaludin alikuwa akikisimulia kisa hiki huku akijipiga mapaja, na alipofika kwenye chai ilibidi avue miwani afute machozi. Hapo hakuwa akijionea huruma hata chembe. Alisema kwamba kama kuna mjinga aliyewahi kujaribu kumkasirisha mkuu wake wa kazi kwa ajili ya kineno cha herufi mbili, na akashindwa, basi mjinga huyo akitafutwa atapatikana Kibokoni, nyumba yenye mlango wa kijani.

Siku hizo zote Mejumaa alikuwa akipita asubuhi na mofa nne zilizofunikwa kwa kitambaa. Hakuagizwa, alileta tu.

"Subalkheri, mwalimu."

"Subalkheri, bi Mejumaa. Waambaje?"

"Sina neno, alhamdulillahi. Na weye? Na Saadia? Na kazi?"

"Kazi yaenda, alhamdulillahi."

"Alhamdulillahi."

Swali lilikuwa pale penye 'na kazi'. Zaidi ya hapo asingeweza kulisogeza. Mtu uliyemkabidhi haja yako humuulizi imefika wapi; ukimuuliza umemwambia kwamba humwamini, na kwa watu wa rika la Mejumaa hilo lilikuwa tusi lisilosafishika. Basi alisimama pale kitambo kirefu kidogo kuliko ilivyolazimu, akaweka mikate, akaenda. Kamaludin alizaliwa katika adabu hiyo na aliijua kama jina lake. Hata hivyo kila aliposikia 'na kazi?' aliamua kwamba bibi yule ana shauku kubwa ya kujua habari za Kilindini.

Saadia hakufungwa na adabu hiyo, maana yeye alikuwa mke. "Barua ya watu i wapi?"

"Iko njiani."

"Njiani gani? Naiona pale, chini ya saa."

Wiki ya pili ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu Kamaludin aliingia katika kulinganisha. Alitaka kusema kwamba tanuri la Mejumaa ni safi kuliko matanuri mengine, na kwamba moshi wake ni haba kuliko wa jiko la kawaida. Hapo donda la zamani likafumuka. Aseme 'cleaner', au 'more clean'? Alijua jawabu. Mtoto yeyote wa shule kule Tononoka angelijua jawabu. Lakini kila kalamu ilipokaribia neno la kulinganisha, alimwona yule bwana akikaa juu ya kreti kwa kicheko. Akalifuta. Akaweka 'superior', ambalo ni neno la heshima na lenye mke mmoja tu, 'to'. Kisha akaona ni neno la makao ya gavana, si la tanuri la udongo. Akageuza maneno, akasema kwamba matanuri mengine ndiyo duni; lakini akakumbuka kwamba moja ya matanuri hayo mengine ni la shangazi yake Saadia, na barua ni kitu kinachoweza kusomwa. Jumanne barua ilikuwa kurasa nne. Jumatano ilikuwa tatu. Siku ya Ijumaa, baada ya kurudi msikitini, ilikuwa nusu ya ukurasa, na alipoiweka kando ya ile ya siku ya kwanza aliona zimetofautiana kwa maneno matatu.

Hata hivyo ilikuwa imekwisha. Jumamosi aliomba ruhusa kazini, akavuka mji kwa miguu, na saa tano kasorobo alikuwa mbele ya ofisi ya afya, bahasha kifuani. Fondo alikuwa amekaa mlangoni.

"Karibu, Bwana Kamaludin. Ingia tu, karani yupo ndani na hana mtu."

Kamaludin angeingia. Ilikuwa hatua saba. Lakini kutoka ndani ilisikika mashine ya taipu ikipiga upesi, bila kusita, na dirishani aliona mgongo wa shati jeupe la mzungu aliyeinamia karatasi. Akafikiri: huyo ndiye atakayeisoma. Akasogea ukutani, akafungua bahasha atazame mara ya mwisho. Macho yakaangukia pale penye miaka kumi na tisa. 'For nineteen years.' Ni 'for', au ni 'since'? Ilikuwa 'for'. Ilikuwa 'for' tangu siku ya kwanza, na hajawahi kuitilia shaka. Lakini pale ukutani neno lile lilianza kumtazama kama mtu anayekujua jina na wewe humjui.

"Fondo, narudi sasa hivi."

Alivuka barabara akaingia mkahawani, akafungua daftari. Ukurasa wa ishirini na sita ukathibitisha: 'for', haina mjadala. Angerudi hapo hapo, ila aligundua kwamba katika kuifungua bahasha kidole gumba chake chenye jasho kimeacha alama juu ya cheo cha bwana. Hawezi kumpelekea bwana cheo chenye jasho. Akaagiza kahawa, akatoa karatasi safi, akanakili upya. Nakala ya kwanza ilidondokewa na wino. Ya pili ilitoka nzuri ajabu. Aliikausha, akaikunja, akavuka barabara, akamkuta Fondo anageuza ufunguo mlangoni.

"Saa sita, bwana. Wameondoka wote. Njoo Jumatatu."

Katika kusimulia, Kamaludin alikuwa akicheka mpaka kufikia hapa, na hapa alikuwa akiacha. Kwa sababu lililompata pale mlangoni halikuwa majuto. Lilikuwa nafuu. Alihisi kifua kimefunguka, mabega yameshuka, kwa kuwa leo hakuna atakayeisoma. Alirudi nyumbani anatembea kama mtu aliyesamehewa, akijiambia kwamba Jumatatu saa mbili asubuhi ni karibu sawa na Jumamosi saa sita, maana katikati hapo ni Jumapili, na Jumapili serikali imelala.

Jumatatu saa moja na nusu walikuja. Mbele alikuwa Bwana Afya mwenyewe, kijana mwenye magoti mekundu ambaye hakuwa na mwaka Mombasa. Nyuma yake Fondo, na nyuma ya Fondo vibarua wanne na nyundo. Tanuri lilikuwa bado la moto. Mejumaa alikuwa ametoka kuepua mofa za mwisho na sinia liko magotini.

Kamaludin alitoka mbio, kikoi kiunoni, shati limefungwa vifungo viwili, barua mkononi. Alitaka kusema. Daftari zima la ndoa lilikuwa kichwani mwake, miaka minane ya kuvizia, na mbele ya yale magoti mekundu hakuja mume wala hakuja mke. Mwishowe alimsukumia bwana barua kwa mikono miwili.

Bwana Afya aliisoma yote, amesimama, hana haraka. Kisha akamtazama Kamaludin kwa heshima ya kweli, akaanza kusema Kiswahili.

"Wewe naandika hii?"

"Mimi, bwana."

"Barua mzuri sana. Mimi hapana ona barua kama hii. Lakini yeye nachelewa. Siku nakwisha Jumamosi. Kama barua nakuja Ijumaa, mimi nafikiri, pengine naacha. Sasa hapana. Mama, wewe toa mkate. Sisi navunja tanuri."

Kwa mazoea tu, Kamaludin alianza kuhesabu makosa. Alifika manane akaacha. Bwana yule hakuona haya hata kwa moja. Hakulipekua neno, hakuligeuza, hakungojea kumsikia Mswahili akivunja tanuri kwanza ndipo aige. Wala hakuna aliyecheka. Si Mahfudha, si wapita njia, si watoto wa chuoni waliosimama na vibao vyao. Vibarua walimwelewa kila neno, wakainua nyundo. Kijana yule alikuwa akivunja Kiswahili na tanuri kwa wakati mmoja, na vyote viwili vilivunjika bila ya yeye kutokwa na jasho.

Kamaludin alishikwa na wivu, kisha hasira, kisha aibu, na aibu ndiyo iliyokaa.

"Wewe andika tena," bwana alimwambia akiondoka. "Taka ruhusa. Tanuri mpya, pahali nyingine. Hapana hapa kwa njia." Barua aliikunja akaitia mfukoni, kama mtu aliyepata kitu cha kwenda kuwaonyesha wenziwe.

Majirani walikuja kumpa Mejumaa pole kama waendao matangani. Vumbi la moto lilikuwa bado linafuka. Yeye alikaa kizingitini na sinia lake, hakulia. Kamaludin alichutama mbele yake, mbali kidogo, akaanza kueleza. Alieleza habari za kupinga na jinsi kunavyoandikwa, akaeleza kulinganisha, akaeleza jasho la kidole gumba. Mejumaa alimsikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza.

"Barua hii ilikwisha lini?" aliuliza.

Kamaludin alianza tena kueleza kulinganisha.

"Nakuuliza, Kamaludin. Ilikwisha lini mara ya kwanza?"

"Siku uliyonipa."

"Siku ile ile?"

"Siku ile ile. Baada ya alasiri."

Mejumaa alilitazama fungu la udongo, kisha akamgeukia. "Sikukuuliza, kwa kukuheshimu. Siku kumi na mbili napita hapo kwako, swali li kooni, nalimeza. Ungalinambia tu kuwa waogopa. Si ayibu kuogopa. Ningalikwenda mwenyewe na maneno yangu haya haya, nikamshika Fondo aniingize kwa huyo bwana. Miye sichelei kuchekwa, Kamaludin. Nachelea njaa."

Kamaludin aliinuka akenda nyumbani, akamkuta Saadia amesimama uani, mikono kiunoni, akiupima ua kwa macho.

"Hapa pana nafasi," Saadia alisema. "Pale pembeni, mbali na kisima. Si njia ya mtu."

"Na moshi?"

"Moshi tutauzoea. Njaa ya Mejumaa hatutaizoea."

Siku ile hakwenda Kilindini. Alikwenda na karai kwenye kile kifusi, na karani wa watu, mbele ya mtaa mzima, akakihamisha kwa kichwa mpaka uani kwake, safari baada ya safari, udongo ukimwingia masikioni. Watoto walimwita Mobeta, naye akaitika kila mara. Jioni alimwagiza mwenye mkokoteni magunia mawili ya udongo mwekundu.

Jumanne asubuhi Mejumaa alikuja na Mahfudha. Hakupita ndani kwa Saadia kama wapitavyo wanawake. Alikaa palepale barazani, juu ya mkeka, kiasi cha dhiraa moja kutoka kwenye kalamu.

"Andika," alisema. "Nangoja."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Sina mahali pa kwenda."

Kamaludin aliandika. Jasho lilimtoka kama aliyekaa mbele ya tanuri lenyewe. Daftari lilikuwa mfukoni na alihisi uzito wake, lakini mtu huwezi kupekua daftari huku umekodolewa macho na mjane. Mara mbili kalamu ilisita. Mara mbili Mejumaa alikohoa. Alisema kwamba tanuri jipya litakuwa katika ua wake yeye, Kamaludin bin Taib, kwamba ni mahali bora kuliko pale pa zamani, kwamba bibi huyu hana riziki nyingine. Akaweka sahihi. Haikuwa hata robo saa. Aliinua karatasi kuielekeza kwenye mwanga, na mkono wa Mejumaa ukaja ukaichukua.

"Bado sijaisoma!"

"Ataisoma aliyeandikiwa."

Aliipepea mara tatu ikauke, akaitia ndani ya buibui, akamshika Mahfudha mkono, akateremka barazani. Kamaludin alimfuata pekupeku mpaka pembeni mwa mtaa, kwa sababu palepale, kwa hakika isiyo na mashaka, alikuwa amekumbuka kwamba katika mstari wa tatu amemuoza mtu mke asiyekuwa wake.

"Bi Mejumaa! Mstari wa tatu!"

Mejumaa aliinua mkono juu bila ya kugeuka, akapinda kona.

Kamaludin alisimama kidogo, vidole vina wino. Kisha akarudi uani, akapandisha kikoi, akafungua gunia la kwanza, akamwaga maji, akaanza kukanda kwa miguu.

"Huo wa nini tena?" Saadia aliuliza kutoka jikoni. "Ruhusa haijaja. Na wakikataa?"

"Wakikataa ntaandika tena."

Hawakukataa, ingawa jibu lilichukua wiki tatu. Lakini asubuhi ile hakujua, na kabla ya adhuhuri udongo ulikuwa tayari.